Mbao Inadai Nini?

Mwishoni mwa 2017, baada ya kumaliza kidato cha nne, nilikaa miezi kadhaa nikisubiri kuitwa chuo. Muda huo nilikuwa muuzaji katika duka la mjomba wangu sokoni Ndhiwa. Unga, sabuni, mafuta ya taa, kredo ya simu. Nyuma ya duka, ukishapita pazia la leso, kulikuwa na mashine ya kamari. Kama ulikulia magharibi mwa Kenya miaka hiyo huhitaji kuelezwa: sanduku la chuma linalokufika kifuani, taa zinazozunguka picha za matunda, na tundu moja linalomeza sarafu ya shilingi 20. Unatia mbao yako, unabonyeza tunda ulitakalo, taa inakimbia kwa duara huku sanduku likipiga kelele kama kuku aliyebanwa mlangoni, halafu inapunguza mwendo na kusimama. Mara nyingi inasimama jirani kabisa na tunda lako.

Mashine haikuwa ya mjomba. Ilikuwa ya bwana mmoja aliyefika kila Ijumaa kwa pikipiki, ufunguo ukining'inia shingoni kwa uzi. Alifungua, akamwaga sarafu kwenye karai, tukahesabu. Katika kila shilingi 100, 30 zilibaki dukani, na katika hizo 30 mjomba alinipa mimi 10. Kazi yangu ilikuwa kuchenji. Mtu analeta noti, namhesabia sarafu.

Ijumaa moja yule bwana aliniita nimshikie tochi kwa sababu kule nyuma kulikuwa giza. Alifungua mlango ambao sikuwahi kuuona ukifunguliwa. Ndani kulikuwa na bodi ya kijani yenye swichi ndogo ndogo, kubwa kidogo kuliko punje za mchele. Akanieleza, bila hata kuona aibu, kwamba hapo ndipo unapopanga ugumu wake. Ukipanga hivi inatema kidogo kidogo watu wasikate tamaa. Ukipanga vile inakula. Akasukuma moja kwa ncha ya kalamu, akafunga, akawasha pikipiki.

Kesho yake, Jumamosi, alikuja mkata miwa mmoja niliyemfahamu kwa sura. Alikuwa amelipwa. Nikamchenjia noti ya mia tano, sarafu 25. Akarudi na mia tano nyingine. Akarudi na ya tatu. Hii ya tatu aliishika kidogo kabla ya kunipa, akaniuliza, "Kijana, wewe unakaa nayo hapa siku nzima. Iko karibu kutema?"

Nikamwambia, "Jaduong', imekula tangu asubuhi. Iko karibu."

Haikuwa karibu. Nilijua, maana jana yake mimi ndiye niliyeshika tochi. Aliondoka na shilingi 40 mfukoni, akanunua sukari ya kupima na kiberiti, akanishukuru.

Swali ninalotaka kuliuliza hapa ni rahisi kulisema: katika jambo hilo, nani anadaiwa? Aliyeitengeneza mashine huko China hamjui mkata miwa wa Ndhiwa. Mwenye mashine anasema hakumlazimisha mtu. Mjomba anasema yeye ana duka, na sanduku limesimama tu pale nyuma. Muuza duka anasema yeye alichenji pesa, na kuchenji si dhambi. Na sisi wengine, tukisikia habari kama hii, huwa tunamgeukia mkata miwa mwenyewe: si alikuwa na akili zake? Ukigawanya lawama namna hiyo, kila mtu anapata kipande kidogo anachoweza kukimeza bila maji.

Mwaka uliofuata nilienda chuo, Nairobi. Sanduku langu la bati, godoro na nauli vilitoka katika zile kumi kumi. Mwaka wa pili karo ilinishinda nikaacha, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Kazi nyingi ni za mtandaoni: mteja wa ng'ambo anatuma mada, wewe unaandika, unalipwa kwa ukurasa, na jina lako halionekani popote. Siku moja ilikuja mada ya historia ya mashine za sarafu za kale. Nikaichukua kwa sababu ya bei. Ndani yake nikakuta jambo ambalo mteja hakuliomba, nami sikumwandikia.

Mashine ya sarafu ya zamani kabisa ambayo maelezo yake yametufikia inatoka Afrika. Katika karne ya kwanza, mjini Alexandria, Misri, mhandisi aliyeitwa Hero aliandika kuhusu chombo cha kuwekwa hekaluni. Mwumini anatia sarafu ya drakma tano tunduni. Sarafu inaangukia kisahani kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti kama cha mizani. Uzito unakishusha kisahani, ncha ya pili inapanda na kufungua tundu la maji, maji ya kunawa yanatiririka. Kisahani kikizidi kuinama, sarafu inateleza na kuanguka, kijiti kinarudi mahali pake, maji yanakatika. Hero huyo huyo alieleza milango ya hekalu inayofunguka yenyewe moto ukiwashwa madhabahuni, na jukwaa dogo la vijisanamu vinavyoigiza kisa kizima bila mtu kuvigusa.

Mwanzoni nilifikiri nimeshampata mwizi wa kwanza. Mambo ya kuficha mtambo ndani ya chombo cha hekalu, watu wadhani ni muujiza! Lakini ukiangalia vizuri, mwumini alijua anacholipia. Sarafu moja, maji kiasi fulani, leo na kesho, tajiri na maskini. Kilichofichwa ni mtambo. Masharti hayakufichwa. Na Hero alikaa chini akaandika jinsi mtambo unavyofanya kazi, hata mimi wa Ndhiwa nikausoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha mambo mawili ambayo nilikuwa nikiyachanganya. Mtu anaweza kukuficha namna kitu kinavyofanya kazi na asikudhulumu chochote. Akikuficha unachopewa kwa pesa yako, hapo amekudhulumu hata kama mtambo ameuacha wazi.

Uingereza, kuanzia miaka ya 1880, mashine za kutia sarafu zilianza kuenea, nyingine zikiuza postikadi. Pamoja nazo kukaja masanduku ya vioo yenye vijisanamu. Unatia peni moja, springi na magurudumu ya meno yanaanza kuzunguka, vijisanamu vinaamka na kuigiza kisa kifupi, kisha vinanyamaza. Mmoja wa mafundi wake wakubwa alikuwa John Dennison wa mji wa Leeds, ambaye masanduku yake yaliwekwa katika mnara wa Blackpool, mji wa pwani, uliofunguliwa 1894. Alipokufa, binti zake waliendelea na kazi. Kulikuwa na mafundi wengine pia, kama wale wa kampuni ya Canova. Visa vyao havikuwa vya kitoto. Nyumba yenye mizimu, makaburi yanayofunguka usiku, mlevi anayeota mashetani. Vilivyopendwa sana vilikuwa vya kunyonga: milango inafunguka, mtu amesimama na kitanzi shingoni, kasisi anainamisha kichwa, sakafu inaachia, milango inafungwa.

Unaweza kusema huko nako ni kuuza ubaya. Mimi mwenyewe nilicheka kwa kujilazimisha nilipoona video ya mmoja wa watu hao wa mbao akianguka. Ila kuna kitu nilikiona baada ya kuitazama mara tatu: anayenyongwa hunyongwa kila mara. Hakuna aliyetia peni akitumaini kwamba leo ataponea. Kisa kina mwanzo na mwisho, na mwisho wake umeshalipiwa. Na kwa kuwa kuta zake ni za kioo, yule aliyesimama kando yako bila hata peni naye anaona. Watoto wa maskini walikuwa wakisubiri mwenye sarafu afike. Ukimaliza kutazama, unaweza kwenda nyumbani, maana hakuna ulichobakiza ndani ya sanduku.

Mafundi hao niliwatambua haraka. Tulipokuwa wadogo, mvulana mmoja wa rika langu alitengeneza mwendesha baiskeli wa waya. Magurudumu yalikuwa ya soli za kandambili. Waya wa ekseli aliukunja katikati, akaufunga kwenye miguu ya mwanasesere, hivi kwamba ukisukuma kwa fimbo, magoti yanapanda na kushuka kama mtu anayepanda mlima wa kuelekea Rodi Kopany. Tulimlipa kipande cha muwa ili tusukume kutoka mwembeni hadi kisimani. Ukitaka kujua siri yake, aliigeuza juu chini akakuonyesha ule mkunjo. Mkunjo kama huo wa waya unafanya kazi moja na vyuma vinavyoinua mikono ya vijisanamu vya Blackpool. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na mvulana yule hakuwa na shida ya kutuonyesha vilivyoundwa.

Lakini nisiwafanye mafundi wa kale malaika. Tundu la sarafu ni lile lile, na wakati Dennison anachonga vijisanamu, huko San Francisco, Marekani, mhamiaji kutoka Bavaria aliyeitwa Charles Fey alikuwa akitengeneza mashine ya magurudumu matatu yenye picha za kengele, viatu vya farasi na alama za karata. Aliiita Liberty Bell. Kengele tatu zikipangana, unashinda senti 50. Fey hakupenda kuziuza mashine zake. Aliziweka kwenye baa za watu na kugawana mapato nao nusu kwa nusu. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Karai letu la Ijumaa lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100.

Halafu kuna yale matunda. Miezi yote ile dukani sikuwahi kujiuliza kwa nini mashine ya kamari ina picha za matunda. Mwanzoni mwa karne ya 20, sheria nyingi za Marekani zilipiga marufuku kamari ya mashine, basi watengenezaji wa Chicago wakazigeuza ziwe mashine za kuuza peremende za kutafuna. Kila tunda lilikuwa ladha ya peremende. Polisi akija, anaambiwa hapa tunauza peremende, bwana. Inasemekana hata ile alama ya BAR ilitokana na chapa ya peremende hizo. Peremende zimekwisha zamani, matunda yakabaki, yakavuka bahari hadi viwanda vya China, yakaja kukaa nyuma ya pazia la leso Ndhiwa. Yalianza kazi kama uongo wa kumwambia polisi.

Hapa nyumbani tumekuwa na namna zetu za kutia sarafu tupate burudani. Yeyote aliyekulia Luoni amewahi kuona pakruok. Mpiga nyatiti au bendi ya ohangla inapiga, mtu anainuka, anatoa pesa, muziki unasimamishwa. Anajisifu, anamsifu shemeji yake, ng'ombe wake, kijiji chake, watu wanacheka, muziki unaanza tena. Pesa imeingia, kitu kimetoka, na kila mtu uwanjani amekisikia, hata mtoto aliyekaa juu ya mti. Kuna wanaofilisika kwa pakruok, sikatai. Ila wanafilisika hadharani, mbele ya mpiga nyatiti anayewaona usoni na jirani anayeweza kuwashika mkono akasema, "Omera, inatosha." Kule kwetu nyuma ya pazia jirani wa kusema inatosha hakuwepo. Nilikuwepo mimi, nami nililipwa kwa kutosema.

Serikali ilipoamka ilikasirikia masanduku. Sheria yenyewe ilikuwa ya zamani, bodi ya kusimamia kamari ilianzishwa kwa sheria ya 1966, lakini 2018 ndipo msako ulipopamba moto chini ya Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i. Mashine zikakamatwa, zikavunjwa, nyingine zikachomwa moto mbele ya kamera. Yetu iliondoka usiku kwa mkokoteni kabla chifu hajafika. Nilifurahi kuona nyingine zikiungua kwenye televisheni, halafu furaha ikaisha, kwa sababu niliona hakuna ufunguo hata mmoja kwenye moto ule. Chuma hakijui kitu. Waliojua tulikuwa watu: aliyepanga swichi, aliyepokea 30, aliyepokea 10. Na hata kabla majivu hayajapoa, kamari ilikuwa imeshahamia kwenye simu, ambako huhitaji sarafu wala mtu wa kukuchenjia.

Nimebishana na marafiki kuhusu jambo hili. Mmoja, mkulima, aliniambia kwamba kutokuwa na uhakika si dhambi. Yeye hupanda miwa bila kujua mvua wala bei. Wewe ulienda chuo bila kujua karo itatoka wapi, akaniambia, si ulicheza kamari? Ana hoja. Lakini mvua haina mtu nyuma yake mwenye kalamu anayeisukuma swichi baada ya kuona umepanda kiasi gani. Tofauti ninayoitafuta iko hapo: je, yupo anayejua, na anayelipwa ili wewe usijue? Kama yupo, deni ni lake, hata akiwa na kipande kidogo cha pesa. Naona deni la namna hii halipimwi kwa mgao wa mtu, linapimwa kwa alichokijua. Ndiyo maana fundi wa China simsumbui sana. Aliweka swichi, na hilo ni lake la kujibu, lakini hakuwahi kumwangalia mkata miwa machoni. Mimi nilimwangalia.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani. Nilimkuta yule mzee karibu na stendi ya bodaboda, amekaa kwenye jiwe akisubiri mtu. Mgongo umemchoka, hakati miwa tena, analinda shamba la mtu. Nilinunua soda mbili nikaketi naye. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kuhusu bodi ya kijani, swichi, tochi. Nikamweleza yote kwa mkupuo.

Akanywa kidogo, akasema, "Hayo ya swichi nilijua."

"Ulijua, Jaduong'?"

"Kila mtu alijua ile kitu inapangwa. Kwani tulikuwa watoto? Nilikuwa nacheza tu. Ukikata miwa wiki nzima, unataka kusimama mahali penye taa." Akaniangalia. "Mimi siku ile sikuiamini mashine. Nilikuamini wewe. Baba yako nilimjua."

Sikuwa na jibu. Hoja yangu yote ya masharti yaliyofichwa ilikuwa imejengwa juu ya mtu asiyejua, na huyu hapa alijua. Lakini kadiri nilivyolifikiria neno lake, ndivyo nilivyoona halikubomoa hoja, limeisogeza tu. Alikuwa amekubali masharti ya sanduku, kwamba ni la kula. Hakuwa amekubali masharti yangu, kwa sababu hakuyajua: kwamba katika kila mbao yake shilingi mbili zilikuwa zangu. Yeye alidhani anamwuliza mtoto wa jirani, na aliyemjibu alikuwa sehemu ya mashine.

London, tangu 2015, fundi anayeitwa Tim Hunkin ana ukumbi wa masanduku ya sarafu, mengi aliyoyatengeneza mwenyewe, yanayofanya kazi kama yale ya zamani. Moja linakufundisha kutakatisha pesa chafu, unacheka huku umeshapewa somo. Najiuliza la kwetu lingekuwaje. Labda sanduku la kioo lenye duka dogo, pazia la leso, mzee mwenye noti mkononi na kijana nyuma ya kaunta. Unatia mbao. Mzee anauliza, kijana anafungua mdomo, na sanduku linageuka lenyewe kukuonyesha mgongo wake: bodi, swichi, na sarafu zinavyogawanyika, hizi za bwana, hizi za duka, hizi za kijana. Kila mara vile vile. Rafiki yangu wa baiskeli ya waya siku hizi anachomelea mageti Rongo, na nimeshamwuliza. Anasema inawezekana, shida ni mota.

Dawa ya deni ni kulipa, na nilijaribu. Nilimpa mzee pesa akazirudisha, akasema hizo ni nyingi kuliko nilizompunguzia na chache kuliko alizopoteza, kwa hiyo haoni hesabu yake. Akakubali soda ya pili. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani sasa. Nikamwambia naandika vitu vya watu wa ng'ambo, wanalipa kwa ukurasa, jina langu halitokei.

"Na unaandika ukweli?" akauliza.

Nikamwambia najaribu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu hilo dukani zamani, akaendelea kumsubiri mtu wake.